Neno la Dirishani

Matatu ilipotoka Kiirua kwenda Meru, mwenye bucha aliyekaa mbele yangu na bintiye alimpa mama aliyekaa kando yao barua ya bima. Mama huyo alikuwa amesema kazi yake ni kuandika namba za matibabu, zile bima hulipia, katika hospitali moja ya Meru. "Madam, ng'ombe alimgonga Rukaya huyu kwa pembe, mfupa wa pua ukavunjika. Hawa watu wa bima wanasema ni urembo, hawalipi."

"Uliwaambia nini pale dirishani hospitalini?"

"Nilisema atengenezewe pua."

"Basi karani akaandika namba ya kutengeneza pua, ya wale wanataka pua nzuri. Ya mfupa uliovunjika ni nyingine."

"Hata baiskeli ikivunjika tunasema itengenezwe."

Nimefundisha Kiswahili shule ya Kaaga miaka ishirini na sikuwa na la kumsahihisha. "Wewe ungeandika namba gani?" mwenye bucha akamuuliza mama.

"Kwa neno hilo? Hiyo hiyo, baba."

Gari lilikuwa linaingia stejini. "Rukaya, funga mdomo madam asikie." Msichana akaufunga. Pua ikapiga mluzi mwembamba, kisha ikaziba, ikanyamaza. Gari likasimama, sote tukisikiliza, na bado hakuna aliyekuwa amemwambia aufungue mdomo apumue.