Chupa Niliyopeleka kwa Daktari

Ndugu zangu wa Ruiru, na ninyi mliotembea kutoka Thika asubuhi hii, Bwana Yesu asifiwe! Mimi ni fundi wa mashine ya kahawa, mnanijua. Nimeokolewa, lakini nilimdanganya daktari, na leo naleta jambo hilo nuruni.

Nilikuwa na kansa ya tezi ile ya wanaume, chini ya kibofu. Mgongo uliniuma mpaka nikashindwa kuinua gunia. Daktari wa Thika akaniambia, "Mzee, ugonjwa huu unalishwa na homoni ya kiume. Tembe hizi zitaishusha." Kisha nikaagizwa niwe nikileta mkojo wote wa kutwa nzima kwenye chupa kubwa, upelekwe Nairobi wapime homoni hiyo imeshuka kiasi gani.

Maumivu yakaisha! Lakini, ndugu zangu, kwa ajili ya tembe hizo matiti yakaanza kunivimba kama ya msichana. Sisi wa rika moja huoga pamoja mtoni. Mmoja akanitazama, akacheka, "Wewe, utanyonyesha lini?" Niliona aibu sana. Nikatupa tembe zote chooni.

Siku ya kupimwa ikakaribia. Nikajua mkojo wangu utanisema. Basi nikamwambia mke wangu kwamba safari hii daktari anataka mkojo wake yeye, nikapeleka chupa hiyo kama yangu. Majibu yakarudi mazuri ajabu, maana mwanamke ana homoni ya kiume kidogo tu. Daktari akanishika mkono kwa furaha. Nami nikafurahi, mjinga mimi!

Baada ya wiki chache nikaanguka kati ya mibuni, miguu haina nguvu. Mke wangu akaniuliza, "Baba Wanjiru, kama majibu ni mazuri, mbona unakufa?"

Hapo Mungu alinivunja. Nililia, nikamwambia yote. Naye akasema, "Twende ukamwambie daktari mwenyewe. Mimi siwezi kuwa mjane kwa sababu ya mkojo wangu."

Daktari hakunifukuza. Alipima mkojo wangu mimi, na homoni ilikuwa juu kabisa. Nikarudia tembe, mke wangu akinitazama nikimeza. Kipimo kilichofuata kikashuka, na polepole nikasimama.

Sijaambiwa nimepona kabisa. Namshukuru Mungu kwa siku hii moja. Ndugu yangu unayeficha ugonjwa kwa aibu, mtegemee Yesu, halafu mwambie ukweli anayekutibu. Kifua changu ndicho hiki. Mkitaka kucheka, chekeni. Mimi nipo, nitawasikia.