Wimbo Tulioupigia Kelele

Seremala alikuwa bado kwenye benchi la kahawa na wenzake, kucha zimesuguliwa, daftari jipya mapajani, kahawa imepoa. Saa nne mwalimu wa piano angekuja nyumbani kwake, ng'ambo ya barabara, kumpa somo la kwanza, naye Seremala ana miaka sitini na mitatu. Piano ni ya marehemu mkewe. Mkewe aliandika namba kwa penseli juu ya vibonyezo, ili siku moja amfundishe mumewe wimbo wake wa sala ya asubuhi. Wiki ya msiba Seremala alivipitishia msasa laini, kama afanyavyo kwa kila kitu alichokipenda. Vikatoka vyeupe, havina namba hata moja.

— Piano huanzwa kabla meno ya utoto hayajang'oka, alisema Kinyozi. Vidole vyako vya nyundo hivyo, mzee mwenzangu, utaivunja.

— Vidole si shida, akadakia Profesa, fundi redio. Ukivuka hamsini, sikio la kushoto linastaafu. Sasa mkono wa kushoto utasikiliza kwa lipi?

— La kwako linafanya kazi? akauliza Kinyozi.

— Limestaafu na mafao yake yote!

Wakacheka. Seremala alitabasamu, hakuinuka.

— Binamu yangu alirithi piano, Kinyozi akaendelea. Ikamgomea mwaka mzima. Ilimjua mwenyewe wa zamani kwa jasho la vidole.

— Basi avae glavu za marehemu! Profesa akajishika mdomo. Nisamehe, kaka.

— Hukukosea. Mungu amemchukua, hajamfuta. Aliyefuta ni mimi.

Mwanamke mwenye mkoba wa vitabu akavuka barabara.

— Shikamooni. Nimegonga mlango ule, kimya. Mwanafunzi wangu yupo hapa?

Seremala akanyanyua daftari kama mtoto wa shule. Akamweleza habari ya namba na ya wimbo wa mkewe.

— Namba si kitu, baba. Wimbo wenyewe ulikuwaje? Ninyi mlikaa hapa kila siku, dirisha lake lile pale. Nani ataniimbia?

Kinyozi akamtazama Profesa. Profesa akatazama kikombe chake. Miaka ishirini, kila asubuhi wimbo ulipoanza, wao watatu walipandisha sauti ili wasikilizane.

Seremala akafumba macho. Zikamtoka sauti tatu za wimbo ule, za kukwaruza. Ya nne haikuja.

— Tutaanza na hizo tatu, alisema mwalimu.

Yeye na Seremala wakavuka pamoja. Baada ya muda dirisha likafunguliwa. Kinyozi akavuta pumzi aseme neno, Profesa akamshika mkono.

— Nyamaza, bwana. Tusikilize.