Bi. Siwema Mwinshehe, Aliyepima Michezo Yetu kwa Uzuri na Kasoro

Tarehe 30 Juni 1984, Bi. Siwema Mwinshehe atakabidhi funguo za kabati la michezo la ukumbi wetu wa maendeleo hapa Kigoma na kustaafu rasmi, baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili na miezi mitatu. Kwa muda wote huo alifanya kazi ambayo haimo katika orodha yoyote ya vyeo: kucheza michezo, kisha kuwaeleza watu kwa maandishi ina uzuri gani na ina kasoro gani. Kwenye jalada lake ameandikwa Mhudumu Daraja la Pili. Sisi tuliomzoea tunamwita Mpimaji.

Bi. Siwema alizaliwa Ujiji mwaka 1929, katika ukoo wa wavuvi ambao babu yao alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo na hakuona sababu ya kurudi. Alisoma Kurani mpaka akahitimu, akaenda shule mpaka darasa la nne. Aliajiriwa Machi 1962, miezi mitatu baada ya Uhuru, afagie ukumbi na achemshe chai ya wajumbe. Wiki ileile yalifika makasha mawili ya michezo: drafti, dhumna, ludo, karata na mingineyo ambayo haikuwa na jina wala maelezo. Mkuu wa ukumbi wa wakati huo, Mzee Hamdani, alimwambia aipange kabatini. Badala ya kuipanga aliicheza. Alicheza na wapagazi wa bandarini, na akina mama wauza mawese, na mwalimu mmoja mstaafu ambaye hakupenda kushindwa. Mwisho wa mwezi alibandika karatasi yake ya kwanza ubaoni, imeandikwa nyuma ya kalenda iliyokwisha. Tunayo mpaka leo. Inasema hivi juu ya ludo:

"Uzuri: bibi na mjukuu wanacheza sawasawa, hakuna wa kumdharau mwenzake. Kasoro: dadu ni dogo, linaingia kwenye ufa wa sakafu. Kasoro ya pili: mtu akikukamata hatua moja kabla ya kufika, chai haipiti kooni."

Mzee Hamdani alisoma, akacheka, akaagiza ufa uzibwe. Kuanzia siku hiyo fagio lilipata mtu mwingine.

Alijiwekea masharti yake mwenyewe. Hakuandika lolote juu ya mchezo kabla ya kuucheza mara saba, tena na watu wa aina tofauti, na katika hizo saba lazima awe ameshindwa walau mara moja. Alisema mtu aliyeshinda tu hajaona mchezo, amejiona yeye. Na kila karatasi ilikuwa na vichwa viwili, Uzuri na Kasoro, hata kama kimoja kilimpa taabu. Kuna mchezo mmoja wa mbao uliotoka mbali ambao hakuna aliyeuelewa. Chini ya Uzuri aliandika: "Sanduku lake ni imara, linafaa kuwekea chumvi."

Sasa nifike kwenye mwaka 1977, ambao ningeweza kuupitia kwa sentensi moja, lakini yeye angekuwa wa kwanza kuona nimeuruka.

Mwaka huo kampeni ya elimu ya watu wazima ilikuwa imepamba moto. Mimi, Marselino Kabwe, afisa kijana mwenye cheti kipya, nilibuni mchezo wa kuwafundisha watu kusoma. Niliuita Safari ya Kisomo. Mchezaji anatupa dadu, anasogea kwenye njia iliyochorwa, na kwenye kila chumba anakuta neno la kusoma. Akisoma sawa, anaendelea. Akikosea, anarudi mwanzo kabisa, mahali nilipochora duara jeusi na kupaita Shimo la Ujinga. Niliona nimefanya jambo kubwa. Mbao mia tatu za kuchezea zilikuwa zimekwisha agizwa kwa maseremala, na uzinduzi ulikuwa umepangwa. Kilichobaki ni karatasi ya Bi. Siwema ubaoni, ambayo nilidhani ni ya kupamba sherehe tu.

Aliuchukua mchezo, akaenda nao Mwandiga, kisha Kidahwe. Huko Kidahwe alicheza na darasa la akina mama chini ya paa la ghala la kijiji. Mmoja wao alikuwa Mama Agnesi, mkulima wa muhogo, mwenye umri wa kuitwa bibi, ambaye alikuwa ameanza kuzijua herufi miezi minne tu. Alifika kwenye neno "mawese", akasoma "mawe". Akarudishwa shimoni. Akafika tena, akakosea tena. Mara ya tatu watu walicheka, na aliyekaa mkabala naye, akiwa amekuja kutazama, alikuwa mume wa bintiye. Mama Agnesi alifunga kanga yake vizuri, akaaga, akaondoka. Kesho yake darasa lilipungukiwa wanawake saba.

Karatasi ya Bi. Siwema ilikuwa fupi. "Uzuri: njia imechorwa vizuri, rangi zinapendeza, na maneno ni ya vitu vya hapa kwetu. Kasoro: unamtia mtu mzima shimoni mbele ya mkwewe. Darasani alikuja kwa hiari yake, na ataondoka kwa hiari yake. Usigawiwe kabla haujarekebishwa."

Niliibandua karatasi hiyo kwa mkono wangu, nikampelekea mezani.

"Ndugu Siwema," nilimwambia, "hii iandike upya. Mbao ziko kwa maseremala."

Alivua miwani. "Kuandika upya naweza, Ndugu Marselino. Lakini Mama Agnesi nitamfanya asome upya vipi? Nenda Kidahwe ucheze, halafu uandike wewe."

"Unakataa?"

"Nakataa kusema nimeona nisichokiona."

Sikwenda Kidahwe. Niliandika barua, na kwa barua hiyo Bi. Siwema alihamishiwa stoo ya vifaa vya michezo, chumba kisicho na dirisha nyuma ya ukumbi, awe anagawa mipira na nyavu. Alikaa huko miezi minane. Hakulalamika kwa mtu, wala hakuacha kunisalimia. Ila baada ya wiki mbili mlangoni pa stoo pakaanza kuonekana karatasi: "Mpira Na. 4. Uzuri: unadunda. Kasoro: hauchagui upande wa kudundia." Makocha walikuwa wakija kuzisoma hata siku wasiyohitaji mpira.

Safari ya Kisomo ikagawiwa. Taarifa za robo mwaka zilipoanza kurudi, kila palipopelekwa mbao, mahudhurio yalishuka. Nililaumu walimu, nikalaumu kilimo, nikalaumu mvua. Mwishowe nikapanda gari la idara kwenda Kidahwe kuwakemea.

Nilimkuta Mama Agnesi nje ya ghala, anamenya muhogo. Nilimsalimia, nikamweleza nimetoka mkoani, na kwamba mchezo ule nimeubuni mimi. Aliacha kumenya.

"Ni wewe?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Basi kaa tucheze. Ila leo maneno nitayatoa mimi, kwa Kiha. Nitakuonyesha kitu, utaje jina lake."

Mimi ni mtoto wa ziwani, nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili na Kibembe. Kiha changu kilikuwa cha salamu na cha sokoni. Akina mama walitoka majumbani, wakanizunguka. Mama Agnesi akaonyesha mwiko. Nikajua. Akaonyesha kinu. Nikabahatisha, nikakosea.

"Shimoni!" akasema.

Nikaanza upya. Akaonyesha mpini wa jembe, akaonyesha kamba ya kufungia mbuzi, akaonyesha kovu la mkononi mwake. Nilirudi shimoni mara nne. Kila nilipokosea walisema kwa pamoja, "Oya!" yaani hapana, na watoto wakarukaruka kwa furaha. Mara ya nne nikajikuta natafuta kwa macho gari langu limeegeshwa wapi. Hapo ndipo nilipoelewa kile alichokuwa ameandika Bi. Siwema.

"Umechoka?" Mama Agnesi aliuliza, sauti imelainika.

"Nimeona haya, mama."

"Ego," akasema. Ndivyo. Kisha akanikatia kipande cha muhogo.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda stoo. Nikasema, "Shikamoo, Bi. Siwema." Kabla ya hapo sikuwa nimewahi kumwamkia. Nilimwita Ndugu, kama wote, na nikaona inatosha.

"Marahaba."

"Nimetoka Kidahwe. Nilikukosea. Nimeandika barua nyingine ya kufuta ile ya kwanza, na jina langu liko chini yake."

Alikuwa anaziba mpira. Alimaliza kwanza kuziba, akaubonyeza kuona kama unavuja, ndipo akasema, "Vuta hilo kasha ukae. Ulirudi shimoni mara ngapi?"

"Nne."

Alicheka mpaka akalazimika kujifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akafungua daftari, na tukaanza kazi. Shimo tulilifuta. Mahali pake tuliweka kanuni yake: anayekwama kwenye neno anamwita mwenzake wa kulia, wanalisoma pamoja, na wote wawili wanasogea hatua moja. Maseremala walipaka rangi juu ya duara jeusi kwenye mbao zote mia tatu. Aliyeupima upya alikuwa Mama Agnesi, naye aliucheza mara saba kama inavyotakiwa. Kufikia mavuno yaliyofuata darasa la Kidahwe lilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja zaidi ya mwanzo, mkwe yule akiwemo. Ninapopongezwa kwa mchezo huo mpaka leo, nataka ijulikane pongezi hizo ziende kwa nani.

Wengi wenu mnamjua zaidi kwa mambo ya miaka hii ya karibuni. Mwaka 1982 Saidi, fundi wa mitambo melini, alileta kutoka Bujumbura mchezo wa elektroniki, kidude cha kushika mkononi chenye kioo kisichozidi viberiti viwili. Ndani yake kijitu cheusi kinakimbia kulia na kushoto kudaka samaki wanaoanguka kutoka juu. Ukikosa watatu, umekwisha. Bi. Siwema, wakati huo ana miaka hamsini na mitatu, alikichukua kwa wiki tatu. Kikawa kinalia ti-ti-ti kila alipo. Katika kikao kimoja cha kamati, mlio huo ulisikika kutoka chini ya kanga, mwenyekiti akasimama.

"Ndugu Siwema, una hoja?"

"Subiri, Mwenyekiti," alijibu bila kuinua macho, "nimebakiwa na samaki mmoja."

Kumbukumbu za kikao zinaonyesha kamati ilisubiri.

Karatasi aliyoitoa baadaye ilinakiliwa kwa mkono na watu wa bandarini, wa reli na wa hospitali, na nakala moja ilikwenda na meli mpaka Kalemie. Hii hapa:

"Uzuri: hakina hasira, hakidanganyi, hakikuonei kwa kuwa wewe ni mwanamke au mgeni. Samaki wanaanza polepole, wanaongeza kasi kadiri unavyozoea, kama mwalimu mwema. Vitufe ni viwili tu. Mzee Dadi, ambaye tangu ajali ya ujanani mkono wake wa kulia umebaki na vidole viwili na hawezi kushika karata, amewashinda wote hapa ukumbini. Huu ndio uzuri mkubwa nilioona katika mchezo wowote. Kasoro: anacheza mmoja, wengine wanaona kisogo chake. Samaki ni walewale kila siku, hata ziwa lingechoka. Betri yake haipatikani mjini. Na ukishinda, hakuna wa kumtazama usoni."

Hakuishia kulalamika. Aliweka utaratibu kwamba kila mchezaji akikosa samaki mmoja, kidude kinahamia mkononi mwa anayefuata, na walioketi wanahesabu kwa sauti. Michezo mingine mitatu ya aina hiyo ilipofuata, mmoja wa magari na miwili ya ndege, ilikuta utaratibu uko tayari. Mzee Dadi, aliyekuwa akija ukumbini kusoma gazeti na kuondoka, sasa ana kiti chake na wapinzani wanaomsubiri.

Kwa jumla ameacha karatasi mia nne na sita. Bi. Regina Lukas, anayepokea funguo, amezipanga kwa miaka katika kabati lilelile. Tulipomuuliza Bi. Siwema kama ana wasia kwa mrithi wake, alimwambia asiogope kuandika kasoro, na asione uvivu kutafuta uzuri, maana huo wa pili ndio kazi ngumu.

Haki inanidai niseme na kasoro zake. Hajui kunong'ona. Anahesabu hatua za mwenzake kwa sauti. Chai yake, miaka ishirini na miwili, haijawahi kupata sukari ya kutosha, na kwa upungufu wa miaka hii ya karibuni amepata kisingizio.

Bi. Siwema anahamia Ujiji, kwa mdogo wake Fatu, kwenye nyumba yenye baraza pana inayotazama ziwa. Bi. Siwema, tunakushukuru kwa kila mchezo uliotuchezea kabla yetu, na kwa kutuambia ukweli tulipokuwa hatutaki kuusikia, mimi wa kwanza. Mungu akujalie afya, macho yanayoona mbali, dagaa wa kutosha, na wapinzani wakali ambao hawatakuachia ushindi kwa kuheshimu umri wako.

Marselino Kabwe
Kwa niaba ya wafanyakazi wa ukumbi