Mama Inaavinuise na Chembe za Rangi

Ndugu waombolezaji, wenyeji wa Otjinene na nyie mliosafiri kutoka Windhoek, ukoo umenituma niwasomee maisha ya mama yangu mzazi, Inaavinuise Tjirare, nami nitayasoma kama alivyoyaishi, bila kupindisha.

Alizaliwa hapa Otjinene tarehe 9 Machi 1960, akasoma Okakarara, akaenda Zambia kusomea elimu ya mifugo, akarejea mwaka 1990 nchi ilipopata uhuru, akaajiriwa kwenye maabara ya mifugo Windhoek, alikochunguza nywele za ng'ombe mpaka alipostaafu.

Tarehe 15 Agosti 1992 alifunga ndoa na baba yangu, Ripuree Hengari, na tarehe 2 Juni 1994 nikazaliwa mimi, mwenye ualbino, nywele rangi ya mchanga. Babu Tjiuee, mzazi wa baba na mlinzi wa moto wa mababu, pale watoto wa ukoo wanapopewa majina, alikataa kunipa jina, akasema, "Ukoo wetu una mwiko wa kufuga ng'ombe wa rangi hii, na huyu hapokewi." Wengine, Mungu awasamehe, walinong'ona kuwa mama alichepuka.

Mama akanipakata, akaketi mbele ya moto, akagoma kubanduka. "Baba, kwa heshima zote, nywele ndiyo kazi yangu. Kwenye shina la kila unywele kuna chembe zinazopika rangi na kuulisha. Ng'ombe mwenye baka jeupe, pale chembe hazikufika. Mwanangu anazo, ila hazina kiungo cha kupikia, na kasoro hiyo kairithi kwangu na kwa mwanao, sote wawili. Na wewe mvi zako je? Chembe zimekuishia! Tukutoe bomani?"

Watu wakashika vinywa, bibi akaangua kicheko, "Mjibu basi, mzee mzima!" Babu akajipapasa kichwa, akanung'unika weee, mwisho akaagiza maji, akanigusa paji la uso, akaniita Uerikua. Wadogo zangu wawili walipozaliwa, hakuna aliyethubutu kuuliza rangi.

Mwaka 2022 mama aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akapambana nayo hadi alipofariki tarehe 11 Mei 2024. Tunawashukuru madaktari, majirani waliotuletea maziwa kila asubuhi, na wenzake wa maabara, hamkutuacha.

Dawa zilimnyonyoa nywele zote, na zilipoota upya zilikuwa nyeupe pe. Akaomba kioo, akavuta kichwa changu karibu na chake, akacheka hadi akakohoa: "Haya, waje sasa waseme wewe si wangu."

Ni wako, mama. Lala, upumzike kwa amani.