Kilo Nane Kavu: Maisha ya Mzee Mizani, Mlishaji wa Farasi

Marehemu baba yetu, ambaye kazini na mtaani alijulikana kwa jina la Mzee Mizani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na kiwanda cha magunia. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa fundi mashine wa kiwanda hicho na mkewe, aliyekuwa akifua nguo za watu. Bibi alitusimulia kwamba alizaliwa mdogo hata mkunga akampima mara mbili, akidhani mizani imeharibika. Kamati ya mazishi iliniomba mimi, binti yake wa kwanza, niandike ukurasa mmoja wenye maneno matamu. Nimejaribu. Matamu yameniishia mapema, na kabla sijakaa mtaelewa kwa nini.

Marehemu alianza shule ya msingi Januari 1966 na kumaliza darasa la saba mwaka 1972. Hesabu alizipenda, imla ilimshinda. Mchana baada ya masomo alimsaidia mjomba wake dukani, kwenye unga na maharage. Siku moja, akiwa na miaka kumi na miwili, duka limejaa wateja, alisema kwa sauti, "Mjomba, kidole chako kiko juu ya mizani." Wateja walicheka. Mjomba alimzaba kofi mbele yao na kumwambia akome kuwa na mdomo. Baba alitusimulia kisa hicho mara nyingi, na mara zote alimaliza hivihivi: "Kofi lilipoa siku ileile. Kile kidole bado nakiona."

Tarehe 2 Mei 1979 aliajiriwa kufagia mabanda kwenye uwanja wa farasi wa kuruka vizuizi. Baada ya miaka mitatu alikabidhiwa ulishaji, na hapo ndipo jina la Mizani lilipozaliwa, kwa sababu hakukubali kumpa farasi chochote ambacho hakijapita kwenye ndoana ya mizani yake ya kuning'iniza. Akimwona mtu anapima chakula kwa kopo, alikunja uso kama aliyekanyaga kinyesi. "Kopo halina akili," alisema. "Kopo la majani na kopo la shayiri si ndugu."

Alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, Jumamosi ya tarehe 6 Desemba 1986. Walijuana kwa ajili ya wavu. Alimpelekea wavu wa kulishia majani akitaka aushone upya, matundu yawe madogo ili farasi ale polepole. Mama alimuuliza, "Kwani wewe unavua nini?" Baba akamjibu, "Navua tamaa." Mama anasema jibu lile lilimuudhi wiki nzima, na wiki ya pili akashona nyavu nyingine tatu bila kuombwa. Walijaliwa watoto watatu. Nyumbani mizani haikuruhusiwa kuvuka mlango. Baba mwenyewe ndiye aliyetupakulia, kwa jicho, na sahani zetu zilijaa mpaka pembeni. Alisema mtoto hapimwi.

Hapa kamati iliniomba niruke mpaka kwenye ugonjwa. Sitaruka.

Mwezi Juni 2009 aliletwa uwanjani farasi wa miaka sita, mfupi, mwenye kifua kipana na mifupa minene. Akiwa mwepesi, kwenye vizuizi hakuwa na mpinzani. Tatizo lake lilikuwa moja: wenzake wakila hupata nguvu, yeye akila hupata shingo. Ndiyo maana wote tukamwita Pipa. Marehemu alikabidhiwa Pipa na mwenye farasi, mama ambaye sote tunamwita Madam na ambaye leo ameketi mstari wa mbele.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi baba alipima majani makavu kilo nane, ya siku nzima, akayagawa mafungu manne. Kila fungu alililoweka kwenye beseni kubwa kwa saa nzima ili sukari itoke. Maji yale yalibaki na rangi ya chai na harufu ya soksi zilizosahauliwa, naye aliyamwaga mtaroni akigeuza uso. Majani yakichuruzika, aliyatia kwenye nyavu mbili, mmoja ndani ya mwingine. Nafaka Pipa hakupewa hata punje; alipata kiganja cha madini na vitamini, na jiwe la chumvi la kulamba. Kila Jumatatu baba alimzungusha utepe kifuani, akambonyeza shingo, akampapasa mbavu. Mbavu, alisema, usizione lakini uzikute. Kisha aliandika vipimo kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni. Kwa miaka mitatu vipimo havikucheza, na Pipa aliruka kama hana uzito.

Mwishoni mwa 2012 utepe ulianza kukataa kufika. Sentimita mbili, kisha tano. Kilo ni zilezile nane. Baba aliishuku mizani, akaipeleka kupimwa kwa mawe ya chuma, ilikuwa sawa. Alijishuku macho, akaenda kupimwa miwani. Alipima kila fungu mara tatu. Alitaka kupunguza chakula, lakini daktari wa mifugo alimkataza, kwani farasi hawezi kukaa tumbo tupu bila kuumia. Jioni alikaa mezani, sahani mbele yake, akisema, "Kuna kitu nakosea. Sijui ni nini." Ndugu waombolezaji, mtu mwaminifu kuliko wote ninaowajua alijihukumu miezi minne, na wenye majibu walikuwa wakimsalimia kila asubuhi.

Maana mpandaji wa Pipa alimpa peremende kila walipomaliza mazoezi. Fundi kwato alimpa karoti ili atulie akipigiliwa viatu. Mpishi wa kantini alimpitishia makoko ya mkate. Madam mwenyewe, Jumamosi, tufaha. Kila mmoja alijificha ili mwenzake asimwone, na kila mmoja aliamini chake ni kidogo tu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilijaa kwenye kwato za mnyama. Ninapoandika maneno haya natamani kutapika. Mnyama mgonjwa mlimlisha gizani kama mnaompenda, kisha mkapangusa mate yake kwenye suruali zenu na kwenda kumuuliza baba kwa nini ananenepa.

Jumatatu ya tarehe 11 Machi 2013 Pipa alikataa kutoka bandani. Alisimama ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameinyoosha, kwato zimepata moto. Nilikuwa likizo, nimempelekea baba chakula cha mchana, kwa hiyo nilikuwepo. Daktari wa mifugo aliinuka, akasema, "Huyu amekula sukari nyingi, na kwa muda mrefu, imemshukia kwatoni. Nani anamlisha?"

"Mimi," baba alisema.

"Mzee, nilikuamini," Madam alimwambia. "Umemuua farasi wangu."

"Madam, kilo nane. Ubao huo hapo."

"Ubao unauandika wewe mwenyewe."

Mpandaji, fundi kwato na mpishi, wote walitazama viatu vyao. Siku hiyohiyo baba, mwenye miaka thelathini na moja ya ulishaji, alirudishwa kwenye ufagio. Alipewa kusafisha banda la Pipa, na kazi yake akapewa mtu wa kopo.

Alifagia miezi saba bila kulalamika. Oktoba daktari wa mifugo alimwambia Madam wazi kwamba Pipa anazidi kuharibika, na kwamba asiporudi yule mzee, yeye atarudi na sindano ya kumlaza farasi moja kwa moja. Baba akaitwa. Hakuombwa radhi. Aliweka sharti moja: mlango wa banda uwekwe waya wa matundu na kufuli, na ufunguo ukae shingoni mwake. Watu walimwita mzee wa roho mbaya. Baada ya mwaka Pipa alitembea bila kuchechemea, na Mei 2015 akaruka tena na kushika nafasi ya tatu. Picha ya siku ile inaning'inia ofisini. Wamo wote isipokuwa baba, ambaye alikuwa bombani akisuuza wavu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo Januari 2023. Alilazwa tarehe 7 Agosti katika chumba cha vitanda sita, kitanda cha dirishani, na ufunguo wa banda akamwachia Madam. Madaktari waliamuru asipewe kitu chochote kwa mdomo zaidi ya maji ya kulowesha ulimi. Mkaja kumwona, na mkaja na vyombo. Supu, mkate, juisi. Muuguzi akigeuka, kijiko kinachomoka. Mpishi alimwambia, "Mzee, kidogo tu hakidhuru," akamtia mdomoni, na mimi ndiye niliyeshika beseni wakati yanatoka yote, ya kijani, na jasho likimtiririka. Alipopata pumzi alinivuta mkono, akasema, "Ni walewale." Kisha akaniuliza, "Jumatatu hii nani kampima Pipa?"

Alifariki dunia Jumamosi tarehe 19 Agosti 2023, saa moja na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Jana nilienda bandani kuchukua vitu vyake. Kabla ya yote nilimpima Pipa, kwa sababu nililiogopa hilo kuliko maiti. Utepe umeongezeka sentimita nne katika wiki mbili. Kufuli limening'inizwa wazi, na chini ya wavu kuna makoko ya mkate. Farasi yule sasa ana miaka ishirini, na safari hii kwato hazitapona. Daktari wa mifugo yuko hapa, muulizeni.

Kwenye kabati la baba nilikuta kopo la bati, la pekee alilowahi kulithamini. Kwenye kifuniko ameandika tarehe 12 Machi 2013, yaani siku yake ya kwanza ya ufagio. Siku ile alitoa matandiko yote ya banda mpaka sakafuni, na yaliyokuwa chini yake akayaweka humo. Yamo makaratasi ya peremende za mpandaji, na mikia ya karoti iliyokauka. Kumbe alijua tangu siku ya pili. Miezi saba alifagia akiwa na ushahidi wote kabatini, na angeufungua mbele ya Madam, angerudishiwa heshima yake siku hiyohiyo.

Nilikaa sakafuni nikijiuliza kwa nini hakulifungua, mpaka nikafika chini ya kopo. Huko kulikuwa na karatasi ndogo nyeupe ishirini na nane, amezinyoosha kwa kidole moja moja na kuzifunga kwa uzi. Ni karatasi za vipande vya sukari, zenye nembo ya hoteli niliyokuwa nikifanya kazi mapokezi. Kila Jumapili nilipompitia baba nilimpa Pipa vipande viwili. Vya kwangu nilivihesabu kuwa si kitu. Na siku ile mbele ya daktari, watu walipotazama viatu vyao, mimi pia nilitazama vyangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Baba alikijua kilipo, akanificha mimi kwa jina lake zuri, akanipakulia chakula usiku ule kama kawaida, sahani imejaa mpaka pembeni. Kinyaa chote nilichowamwagia leo kilianzia kwangu mimi mwenyewe.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Ameacha pia farasi mmoja, ambaye hula kilo nane za majani, zipimwe kavu kabla ya kulowekwa, na madini kiganja kimoja. Hali kitu kingine, kwa mapenzi ya mtu yeyote. Madam amenikabidhi ufunguo asubuhi hii, nami nimeuvaa shingoni.

Mungu amlaze baba mahali pema, apumzike kwa amani ambayo hatukumpa. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa bandani kuloweka majani, na mfukoni sitakuwa na kitu.