Ukaguzi wa Kucha

Fundi cherehani alijifanya anasinzia, kumbe masikio alikuwa ameyatega kwa wanawake wawili wa kiti cha nyuma, waliojuana tangu kituo kilichopita na tayari wanagombana kama ndugu.

“Mama mkwe wangu kasharudi utotoni,” alilalamika mwenye kikapu. “Namlisha uji kwa kijiko, namwambia, ‘Fungua mdomo, mtoto mzuri!’ Ananitemea.”

“Hata mimi ningekutemea,” alijibu mwenzake, aliyevaa sare ya uuguzi. “Zamani alifanya kazi gani?”

“Mwalimu mkuu.”

“Basi mwite Mwalimu.”

“Nilimwita jana, dada! Akatupanga mstari sebuleni, akatukagua kucha. Mume wangu, meneja mzima, akarudishwa kunawa!”

“Na uji?”

“Alikunywa mwenyewe, akamaliza. Lakini nyumba yangu si shule!”

“Wala si chekechea.”

Basi likasimama. Abiria wakaanza kusukumana mlangoni. Ndipo bibi aliyekuwa kimya dirishani, ubavuni mwa mwenye kikapu, aliposimama na kupiga makofi mawili.

“Mstari mmoja!”

Watu wazima wakajipanga kimya. Fundi naye akajikuta mstarini, mikono mfukoni, anaficha kucha.