Pua Niliyotaka Kumsingizia Ngamia

Ndugu zangu, swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: baba mkwe akinitazama, ataanza na macho au na pua?

Mnanijua. Nimetoka chuo cha ualimu juzi tu, na sina wazo moja lisilozaa mengine kumi. Pua yangu iliziba upande mmoja, ikatoa damu, kisha kikatokea kidonda kisichopona. Nikawa nakifunika kwa ncha ya shuka. Mama akaweka chuma motoni anichome, kama tunavyowatibu watu na mifugo.

"Hooyo," nikamwita mama, "nikafundishe kwa pua ipi?"

Akacheka, akakiondoa chuma.

Hospitalini Garissa daktari alikata kinyama kidogo, kikapelekwa Nairobi kupimwa. Jibu: kifua kikuu.

"Daktari, mimi sikohoi!"

"Hukohoi. Ugonjwa huu haukai kifuani peke yake."

Nawaambia, nilidungwa sindano mpaka nikawa nakula nimesimama! Miezi ikapita, kidonda kikafunga. Likabaki kovu, na posa.

Binti niliyemtaka ni wa Hulugho, na kwetu jina la ugonjwa huo huvunja uchumba. Adeer yangu, mdogo wake baba, ndiye angenisemea, maana mchumba hafungui mdomo mbele ya wazee wa mke.

"Tutasema ulipigwa teke na ngamia," akanishauri.

"Adeer, ngamia gani? Sisi tuna ng'ombe."

"Basi wa jirani!"

Siku ikafika. Chai ikamiminwa, baba wa binti akanikazia macho puani. Adeer akaanza, "Kuna ngamia mmoja..." Nikawaza: kesho mtoto wa nyumba hii akipata kidonda kama changu, watamlaumu ngamia, na mtoto atapoteza pua.

Nikafungua mdomo. "Si ngamia. Ni kifua kikuu. Nimetibiwa, na daktari ameniruhusu kuoa."

Mzee akamgeukia adeer. "Na huyo ngamia amewakosea nini?"

Walicheka hadi chai ikamwagika. Kisha akasema, "Aliyetaja ugonjwa wake mbele yangu hatanificha siku binti yangu akiugua."

Alhamdulillahi, na leo mko harusini kwangu. Asante mama kwa kukiondoa chuma, asante daktari na wauguzi, asante hata wewe adeer, usijifiche nyuma huko! Kidonda kisichopona, kiwe puani au shingoni, kipelekeni hospitali, hata kama hamkohoi.

Mimi niliamua kovu hili sitalificha tena. Sogeeni mlitazame. Shuka nimeiacha nyumbani.